Shikamoo ya Ziwani

Kwa miezi miwili nilimdanganya mama kila Jumamosi, na nilidanganya vizuri. Nilimwambia naenda mazoezi ya kwaya. Kitabu cha nyimbo nilikiweka juu kabisa ya mkoba, na chini yake nikaficha taulo. Nilikuwa na miaka arobaini na mmoja, nina cherehani mbili mjini, Kaloleni, na mafundi wananiita bosi, lakini nilikuwa nalala kwa mama, kule mlimani juu ya kijiji cha Maji ya Chai, na kwa mama hakuna bosi.

Nilikuwa naenda ziwa Duluti kujifunza kupiga kasia.

Chanzo ni Tanga. Mwaka uliotangulia tulienda huko kwenye harusi ya rafiki yangu, na kesho yake wenyeji wakatupeleka kwenye mkono wa bahari, maji yametulia kama uji uliopoa. Wageni wote wakaingia kwenye kayaki, vile vijitumbwi vyembamba vya plastiki vya mtu mmoja au wawili. Mimi nikabaki ufukweni nimeshika mikoba ya watu. Shangazi wa bwana harusi, mama wa miaka sitini na zaidi, akanipita na kasia lake begani, akaniuliza kama sisi watu wa mlimani huwa tunaoga au tunajipangusa tu. Nilicheka pamoja na wenzangu, lakini iliniuma. Desemba tulikuwa tumealikwa tena, na nikaapa kwamba safari hiyo mikoba ataishika yeye.

Tatizo ni kwamba mama hakutaka kusikia habari za maji. Mdogo wake wa kiume alichukuliwa na mto wakati wa masika, wakiwa wadogo, yeye akiwa amemshika mkono. Sisi watoto wake wote tulikulia kwenye beseni. Duluti, alisema, halina mwisho. Majirani wengine waliongeza kwamba kule chini limeungana na bahari, nami nikawaza kwamba basi hiyo ndiyo njia ya mkato ya kwenda Tanga. Wazo hilo sikumwambia mama.

Mwalimu wangu alikuwa mzee wa Kihindi, mzaliwa wa Kaloleni, aliyeuza spea za magari maisha yake yote, kisha akawaachia wanawe duka na kununua kayaki. Tulianza na ile ya watu wawili: mwanafunzi mbele, mwalimu nyuma. Hapo ndipo adabu iliponiponza. Nimelelewa kwamba mtu mzima akikusemesha, humpi mgongo. Kwa hiyo kila aliposema "vuta kulia", niligeuka mzimamzima, nikamtazama usoni na kuitika, "Ndiyo, mzee." Kayaki nayo iligeuka. Mara ya tatu tulikuwa majini sote wawili, kofia yake inaelea pembeni, akanipigia kelele: "Binti, nipe mgongo! Nakuomba, nidharau!"

Kumdharau mzee ni kazi ngumu. Ilinichukua Jumamosi nne. Lakini kufikia ya saba nilikuwa peke yangu kwenye kayaki ya mtu mmoja, nikipiga mluzi.

Siku za mwizi ni arobaini, zangu zilikuwa nane. Kiongozi wa kwaya alikutana na mama sokoni, akampa pole ya mwanawe ambaye haonekani mazoezini. Mama hakurudi nyumbani. Alikwenda kuuliza hapa na pale, na watu wa kwetu ukiwauliza wanajibu. Mimi niko katikati ya maji, nikainua macho, nikaona kitenge ninachokijua ukingoni. Nilikishona mwenyewe.

Ijumaa ile nilikuwa nimelala Kaloleni kumalizia sare za shule, kwa hiyo siku hiyo nilikuwa bado sijamwamkia. Na mimi mama yangu simwamkii nimekaa. Nikasimama.

"Shikamoo, mama!"

Salamu ilitoka nzima, nami nikaingia majini mzima. Jaketi la kuelea likaniibua papo hapo, natema maji na majani. Nilipofuta macho nilimwona mama amesimama ndani ya ziwa hadi magotini, na viatu vyake vya kanisani, mkono ameunyoosha. Mzee, aliyekuwa karibu na kayaki yake, akanivuta hadi pale. Mama akanishika kifundo cha mkono, hakukiachia mpaka tukafika nyumbani.

Hakusema neno siku sita. Nilimwamkia kila asubuhi na hakuitikia. Ng'ombe akilia anamjibu, mimi kimya. Utani wote ulinitoka. Mzazi akikunyima marahaba, hata chai inapoa mezani, na Tanga ungeniambia ni mbinguni nisingeenda.

Ijumaa jioni nilimkuta jikoni anamenya ndizi. Nikakaa chini nikamwambia yote, kwaya, taulo, hata yule shangazi wa Tanga. Nikamwambia nimeacha.

Akaendelea kumenya. Kisha akauliza, "Ulifika chini?"

"Hapana, mama. Nilitokeza hapo hapo."

Kisu kikasimama. "Yeye hakutokeza," akasema. "Nilingoja mpaka giza."

Nikachukua kisu kingine, tukamenya pamoja mpaka ndizi zikaisha.

Asubuhi nilikuta mkoba wangu mlangoni. Kitabu cha nyimbo kilikuwa kimerudi mezani. Ndani ya mkoba kulikuwa na taulo, limekunjwa vizuri kuliko nilivyowahi kulikunja, na chupa ya chai. Mama alikuwa uani anafagia, amenipa mgongo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akafagia kidogo. "Na nikija tena kule, uniamkie umekaa."