Pazia la Kanga Mashineni

Mimi sikuzaa, na bonde zima lilikuwa linajua. Ifakara nilishazoea. Nilikuwa na chumba changu, redio yangu, na majirani walionisalimia harakaharaka huku wakiwavuta watoto wao ndani. Lakini miaka ile ya tisini, sisi wauguzi tulipoanza kupeleka kijijini Mchombe sindano ya pepopunda, ile inayomkinga mama na mtoto atakayemzaa, ugumba wangu ukawa shauri la kijiji. Uvumi ulisema sindano inafunga kizazi. Ushahidi? Mtazameni nesi mwenyewe! Mganga hajigangi, walisema wakicheka, nami nikacheka nao. Ningefanya nini?

Shehe, padri na mwenye mashine ya kukoboa mpunga wakakubaliana nasi kwamba tuchanjie pale mashineni, maana wanawake hushinda pale wakingoja zamu. Mmoja akatangaza msikitini, mwingine kanisani. Kisha wakaniomba, kwa adabu sana, nikae nyuma ya pazia la kanga, mikono tu ndiyo ionekane. Nikasema sawa. Niliumia, nisidanganye.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Walikuja watoto wa chanjo ya surua, wasichana, wajawazito, hata bibi mmoja aliyejikata kwa jembe. Halafu upepo ukaangusha pazia.

Hakuna aliyepiga kelele. Walibeba tu viroba vyao vya mpunga wakahamia upande wa pili wa mashine, wakanipa mgongo. Nikabaki na boksi langu la barafu na sindano nilizozichemsha alfajiri. Niliwafikiria wachanga watakaokakamaa kabla kitovu hakijapona, na nilitamani kulia, lakini zaidi nilikuwa na hasira.

Kati yao alikuwapo mama mmoja wa Kisukuma, mke wa mfugaji, mwenye watoto tele na wa mwisho mgongoni. Akaja peke yake, akaketi mbele yangu, akatoa bega. Nilipomaliza kumchoma, akamfungua mwanawe, akazunguka nyuma yangu, akamfunga mgongoni mwangu kwa mbeleko yake na kukaza fundo kifuani pangu. Kule mgumba hapewi mtoto wa mtu ashike, wanaogopa kijicho.

"Akilia niite," alisema, kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Mimi naenda kukoboa."

Akaenda zake, hata hakugeuka.

Wanawake wakatazamana. Akarudi mmoja, kisha mwingine, kisha foleni. Nilichanja mpaka chupa zikaisha, mtoto amelala fofofo, shavu lake limegusa shingo yangu.

Mpunga wake ulipokwisha, yule mama akaja, akafungua fundo, akashukuru kama mtu aliyeazima ungo kwangu. Nilitaka kumwomba aniachie kidogo tu. Nikafunga boksi langu.

Gari likanishusha Ifakara jioni. Gauni langu lilikuwa limelowa mkojo wa mtoto mgongoni, na nyumbani hapakuwa na mtu wa kuniambia nibadilishe. Nikalala nalo.