Mchanga Chini ya Boga la Mama

Enzi zetu hapa Kitengela, kabla kila mtu hajajizungushia ukuta, mvua ikianza kunukia watoto wa kwetu hawakukimbilia ndani. Tulikimbilia boga.

Mama alikuja kutoka Nyeri na mbegu kwenye kitambaa, akiamini malenge, kama tulivyoyaita, humea popote. Udongo mweusi wa huku ukamtia adabu. Kiangazi ulipasuka nyufa za kumeza kandambili. Mvua ikinyesha ulishika maji, na boga lililolala juu yake likaoza tumboni huku mgongo unang'aa. Msimu wa kwanza Mama alilitandikia bati. Jua likachoma bati, bati likapika boga. Tulienda kuchekea nyuma ya choo.

Baada ya hapo akawa analitandikia kitanda. Alichimbua ule udongo mweusi, akaweka kokoto, kisha mchanga, juu nyasi kavu. Boga likinenepa, kitanda nacho kinapanuliwa, lakini halinyanyuliwi, kwa sababu kikonyo kitakatika. Mama alilisukuma kidogo kwa viganja, nami nikapenyeza mkono chini na kushindilia mchanga. "Pole pole! Hiyo ikikatika, leo utakula nyasi!"

Mwaka mmoja likatokea moja kubwa kushinda sufuria ya githeri ya kanisa. Mama akaahidi mbele ya akina mama wenzake kwamba atalipeleka Jumapili ya mavuno. Tulikuwa bado wageni katika kanisa lile, na alitamani sana ajulikane kwa kitu. Basi amani ikatutoka. Mama aliacha chai ikimwagika jikoni akaenda kuangalia boga. Mimi darasani, mwalimu anaandika hesabu, nasoma mawingu.

Siku chache kabla ya mavuno akaja Mama Nashipai, jirani yetu Mmaasai, mfugaji wa mbuzi ambaye hakuwahi kupanda hata sukuma wiki. "Sopa!" akasalimia, kisha akanyoosha kidole kirefu moja kwa moja. "Woi, hii ni malenge ama ni ndama?"

Mama alipaliwa na chai. Kwao Nyeri boga halinyooshewi kidole, litaoza. Ukitaka kulionyesha, unakunja ngumi. Lakini mgeni ni mgeni, akameza maneno. Mama Nashipai alipoondoka tu, Mama akashika kiuno. "Hii sasa imeisha."

Kesho yake mchana mvua ikamwagika. Mchanga ukasombwa ukaingia kwenye nyufa, maji yakatuama chini ya boga, na mchanga wa akiba hatukuwa nao. Mama akapiga magoti matopeni, akaliegemeza boga kifuani lisiguse maji, hawezi kulinyanyua wala kuliachilia. Mimi nikachota maji kwa mkebe. Mama alikuwa analia, na sikuwahi kumwona akilia. Niliogopa.

Ndipo tukasikia punda. Mama Nashipai alikuwa ametoka mtoni na magunia mawili ya mchanga wa kukandika nyumba yake. "Nimeona mnaogelea na malenge," akasema, akafungua magunia bila kungoja kuombwa. Tulishindilia watatu hadi boga likatulia.

Jumapili lilifika madhabahuni kwa wilbaro, tumbo kavu. Mchungaji akauliza ni la nani. "Ni yetu na Mama Nashipai," Mama akajibu. Ila mwiko wake hakuuacha. Nilipomkumbusha kile kidole alinikata kauli: "Na si hiyo laana aliitoa na ule mchanga wake?"

Siku hizi jirani zangu nao wanachimbua udongo mweusi, wanamwaga murram, ile changarawe nyekundu, kwa malori, juu wanasimamisha ghorofa. Watoto wangu wanashangaa kwa nini nisinunue kipande cha boga supamaketi, kimekatwa na kufungwa plastiki. Nina moja nyuma ya nyumba. Mwanangu halinyooshei kidole, analinyooshea simu, kisha anarudi ndani kuhesabu waliolipenda mtandaoni.

Leo mawingu yamekaa vibaya na mimi siwezi kuketi. Nimetoka mara ngapi sijui. Mchanga ninao, nyasi ninazo, lakini mkono wangu umenenepa, hauingii tena chini. Ng'ambo ya ukuta namsikia jirani akikohoa. Tumekaa hivi miaka, jina lake silijui. Natamani agonge geti, aingie, alinyooshee boga langu kidole, hata vyote kumi.