Maneno ya Mama Jokébed Yalivyobanwa

Mama Jokébed alijifunza kusoma akiwa na wajukuu, tena si kwa ajili ya Biblia kama padri alivyodhani. Alijifunza kwa hasira. Mumewe alipofariki Luofu, ujumbe uliingia kwenye simu yake mwenyewe, lakini shemeji aliyemsomea alimwambia mume amevunjika mguu. Kwetu ndivyo tulivyo: habari ya kifo huzungushwa kwanza. Alifika huko na chakula cha mgonjwa, akakuta msalaba umeshasimikwa.

Akaingia darasa la watu wazima parokiani, hapa Butembo. Majirani tulimtania, "Mama, unatafuta diplôme?" Alicheka, lakini hakukosa hata somo moja.

Kisha mwanawe Lusenge akaenda Beni kununua kakao. Baada ya shambulio moja mashambani, simu yake ikanyamaza. Redio ya mjini ina ukurasa wa tovuti unaotaja waliopatikana, wazima na wafu. Kila asubuhi mama aliketi mlangoni na simu, kidole chini ya neno. Nadège, mke wa Lusenge, akitaka kumsaidia, anafukuzwa.

"Acha! Nitasoma miye mwenyewe."

Shida ni kwamba mtu anayesoma herufi kwa herufi haoni neno linaishia wapi, maneno yakikaribiana. Mpangaji wangu Kasonia ndiye aliyetengeneza ukurasa ule. Katika maagizo ya kompyuta yanayoupanga, kuna moja linaloamua neno likae mbali kiasi gani na jirani yake. Akaongeza nafasi hapo. Siku hiyo mama alisoma ukurasa mzima kwa sauti, nasi tukampigia makofi.

Mkurugenzi wa redio hakupenda.

"Mais Kasonia, hii njo kinywa ya muzee yenye haina meno! Bana maneno, tupate fasi ya publicité, ya matangazo ya biashara."

Kasonia alimweleza habari za mama. Bwana yule akabana maneno mwenyewe, kuliko hata mwanzo. Mkuki kwa nguruwe! Angekuwa mama yake, angeyaacha.

Wiki hiyohiyo jina la Lusenge likatoka, upande wa wafu. Mtaa mzima ulisoma. Wazee wa familia wakakataza mama asiambiwe, eti presha itapanda. Presha! Naye yuko palepale mlangoni, kidole kinapita juu ya jina la mwanawe.

"Maneno inashikamana," alilalamika. "Njo macho yangu inakwisha."

Nadège aliingia ndani akalia kwenye mto.

Aliyemaliza uongo ule ni muuza makaa, mpita njia tu. "Pole sana mama, juu ya mutoto."

"Mutoto gani?" aliuliza Mama Jokébed.

Baada ya matanga Kasonia aligombana na mkurugenzi mpaka nafasi zikarudishwa. Akaja na simu, amefurahi kidogo.

"Mama, maneno imeachana tena. Utasoma muzuri."

Mama hakuipokea.

"Soma weye," alisema. "Miye nilikuwa natafuta mutu moja tu."