Mihadhara ya Kupanda kwa Wakati

Vyuo vikuu vya Ulaya viliponialika nizunguke miezi miwili nikihadhiri, mada viliyoitaka ilikuwa moja: kupanda kwa wakati. Ndiyo kazi yangu. Nimefundisha kilimo hapa Kisumu tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na hata ukiniamsha usingizini nitakwambia kwamba kwa mkulima wa kandokando ya ziwa, mahindi yanayoikosa mvua ya kwanza huishia kuwa chakula cha ng'ombe.

Basi niko ukumbini, nje theluji, nimeanza tu kuonyesha picha zangu, simu ikatetemeka mfukoni. Nikaiacha. Ikatetemeka tena. Alikuwa mdogo wangu anayenifuata. Nilipompigia wakati wa chakula, kama mkate baridi na jibini ni chakula, aliniambia mvua imeanza nyumbani kwetu kijijini, juu kidogo ya Sondu.

"Basi pandeni," nikasema.

"Tutapanda aje, Prof, na wewe hujapanda? Mama amemaliza yake. Sasa ni wewe, halafu mimi, halafu huyu mdogo wetu."

Kwetu ndivyo ilivyo. Mbegu huingia ardhini kwa kufuata umri. Baba alishatutoka, kwa hiyo mama hutangulia, kisha mtoto wa kiume wa kwanza, kisha wengine. Anayeruka foleni hujiitia balaa, au humwitia balaa yule aliyemruka. Wazee hawajawahi kukubaliana. Nikamwambia nimewapa ruhusa kwa moyo mkunjufu. Akasema ruhusa ya simu haiwezi fanya kazi. Nikasema basi mke wangu atoke kwetu mjini, Nyamasaria, akapande kwa niaba yangu. Akakohoa.

"Prof, hata wewe unajua. Hiyo usiku ya kuamkia kupanda lazima bwana na bibi wawe kwa nyumba."

Nilijua, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Nikampigia mama, nikitumaini atamaliza upuuzi huo kwa neno moja. Aliniuliza kama ninakula, kama nimevaa sweta, kisha akasema, "Baba, rudi upande."

Wiki zilizofuata, katika kila chuo swali la kwanza lilikuwa lile lile: kwa nini wakulima wenu hawapandi kwa wakati? Nikawaeleza habari za utabiri wa hali ya hewa unaochelewa, bei ya mbegu, barabara mbovu. Yote kweli, na grafu nilikuwa nazo. Ila sikuwa na grafu ya wanaume wazima, mmoja wao ana cheti cha ufundi, wanaokaa barazani na magunia ya mbegu wakiitazama mvua, eti kwa sababu kaka yao yuko Ulaya akiwaeleza Wazungu ubaya wa kukaa ukiitazama mvua. Nilichoka. Nilitaka kupiga mtu kofi na sikujua nianze na nani.

Aliyeniuma ni mdogo wetu wa mwisho. Nyumba yake imejaa watoto na hana mshahara. Kile kipande chake cha shamba ndicho kinachowalisha. Na yeye hakunipigia simu hata mara moja.

Nikakata ziara. Chuo kikubwa kuliko vyote, ambacho nilikuwa nimekisubiri kwa miaka, nilikiandikia kwamba nimepata dharura ya kifamilia. Sikusema ni mahindi.

Nikamchukua mke wangu, tukaenda kulala nyumbani kama inavyotakiwa. Alfajiri tukapanda, mimi nimenuna, yeye anacheka. Hatujamaliza mstari wa pili, yule anayenifuata akaanza wake. Alikuwa amesimama na jembe muda wote. Nikaenda kwa mdogo wetu wa mwisho kumwambia zamu yake imefika.

Nyuma ya nyumba yake mahindi yalikuwa yanakaribia magoti. Kijani kibichi, mistari imenyooka, yameshapaliliwa. Ukoo mzima ulikuwa ukiyapita kila siku kwenda mtoni na eti hakuna aliyeyaona.

Kila nilichokuwa nikihubiri ugenini kilikuwa kimesimama pale mbele yangu. Nikasikia mdomo wangu ukimwuliza, kwa sauti ya marehemu baba, nani alimruhusu kunitangulia.

Aliweka jembe chini taratibu.

"Watoto, Mzee," akasema. "Wao ndio waliniruhusu."