Sikio la Pamba

Kila asubuhi, kabla hajagusa chai, mama mkubwa alichovya brashi kwenye maji, akaichongoa ncha kwa midomo. Kwa ladha ya rangi iliyobaki tangu jana alijua ni kahawia au kijivu, bila kutazama. Mwenye duka la fremu alimtania, "Dada, siku ukiugua tutakupeleka kwa daktari wa mbwa." Alicheka naye, kwa sababu wakati ule dukani hapo mchoraji alikuwa yeye peke yake.

Kazi yake ilikuwa kuchora mbwa wa watu kwa rangi za maji. Walileta picha kwenye simu, yeye akawatolea mbwa kamili, unyoya kwa unyoya, hadi mtu akatamani kumpapasa. Meza yake ilikuwa dirishani, penye mwanga, na hakuna aliyethubutu kuweka hata kikombe juu yake.

Kisha akamleta mdogo wake, ndiye mama yangu, awe anakata kadibodi za fremu. Akamfundisha na brashi, kidogo kidogo, kama anayemwonjesha mtoto mchuzi. Mama akaonja, akaanza kupika mwenyewe. Hapo mama mkubwa akaingiwa na kijiba cha roho. Alianza tu kuzifungia brashi nzuri, na mama akisifiwa, yeye alikohoa.

Siku moja akaja dereva mstaafu na mbwa wake mweupe, Pamba, mzee kama yeye. Alitaka picha ya kutundika sebuleni. Mwenye duka akasema wachore wote wawili, mzee achague, na atakayechaguliwa ndiye atakayekaa dirishani, maana meza yenye mwanga ni moja.

Mama mkubwa alichora manyoya yote. Mama alichora pua, macho, kivuli cha kidevu na ukuta wa buluu nyuma. Mwili akauacha karatasi tupu, na mbwa akatokea mweupe pee.

"Huyu hajachora kitu," mama mkubwa alimwambia mwenye duka. "Karatasi ni nyeupe tangu inanunuliwa."

"Ila hiyo ya kununua haibweki, dada."

Mama alipotoka kumwaga maji machafu, mama mkubwa aliinuka. Mimi nilikuwa pembeni nafuta vioo vya fremu, nikamwona. Alichovya brashi kwenye kijivu, akaligusa sikio la Pamba mara moja tu. Pale karatasi ilikuwa bado mbichi kwa maji ya ule ukuta wa buluu, rangi ikatambaa kama chai kwenye kitambaa. Na rangi ya maji karatasi ikishainywa, haitapiki. Akarudi kitini, akachonga penseli ambayo tayari ilikuwa kali.

Mama akaingia, akatazama sikio, akatazama mgongo wa dada yake. Aliinamisha karatasi, akaiacha rangi iteremke mpaka ikome yenyewe, akaenda kupanga fremu.

Mzee aliporudi na Pamba wake, aliitazama kazi ya mama mkubwa, akasema ni nzuri sana. Mbele ya ile nyingine akavua kofia.

"Sikio hili," alisema. "Akichoka hulilegeza hivi hivi, kivuli kinaingia ndani. Nilidhani tulioliona ni mimi na marehemu mke wangu tu."

"Chanda chema huvikwa pete," mwenye duka akamwambia mama. "Dada mdogo, hamia dirishani."

"Sikio nimechora mimi," mama mkubwa akasema.

Mwenye duka akacheka. "Dada, huo sasa wivu."

"Muulizeni mwenyewe."

Nilimwona anasubiri. Uso ulikuwa umekaza, majibu ameshayapanga mdomoni, mama aanze tu kumshtaki.

"Ni kweli," mama alisema. "Sikio ni la dada. Mimi nisingethubutu."

"Basi mmesaidiana vizuri," mzee akasema.

Mama akavuta kiti cha pili, akakiweka dirishani kando ya kile cha kwanza. "Tukae wote, dada. Mwanga unatutosha."

Mama mkubwa alikitazama kiti kile muda mrefu kuliko alivyowahi kutazama picha. Kisha akamruka Pamba aliyelala mlangoni, akatoka. Mama akapangusa meza yote, upande wake na upande wa dada yake, akatuambia amekwenda kupunga upepo. Hakurudi tena.