Vigelegele kwenye Shabaha

Ndiyo hivyo wenzangu, leo nusura nikae eda, na hina ya harusi haijanitoka mikononi!

Mume wangu Salim anajizoesha kulenga shabaha ya mbali, maana anajitayarisha kwenda kuwinda kulungu Tanzania bara. Asubuhi tukatoka Ruwi, hapa Maskati, na ami yake mpaka nyuma ya majabali.

Shabaha yenyewe huioni bila darubini. Salim akalala chini, akatuliza pumzi, akapiga.

Katikati kabisa! Habibi wangu huyo!

Akaacha bunduki, akaenda kuitazama shabaha.

Na mimi Mzanzibari, furaha ikinijaa siwezi kunyamaza. Nikapiga vigelegele.

Sasa ami ni mtu wa milimani. Kwao harusini, vigelegele hujibiwa kwa bunduki. Akaiokota ile ya Salim, akafyatua juu.

Ndani ya darubini nikamwona Salim anaanguka kifudifudi. Hanyanyuki.

Nilikimbia, viatu vikabaki nyuma. Nasema tu, "Ya Rabbi, usinichukulie huyu."

Nikamkuta macho wazi. Mzima! Alijitupa mwenyewe aliposikia mlio.

"Nani kapiga na mimi niko huku?"

Ami akafika anahema. "Nimepiga juu, mwanangu! Bi harusi kashangilia, ningenyamaza vipi?"

"Ya juu hurudi chini, ami."

Mzee akatoa risasi zote, akanitilia mkononi.

Mpaka sasa nimemshika Salim mkono, hata chai anakunywa kwa kushoto. Nyinyi mngemwachia?

Mama, usilie huko Unguja. Kabla mwezi haujesha nakuletea mkweo, umpapase mwenyewe.