Walisema Kabemendwa

Nilisikia kwanza. Nilikuwa nimeinama nafunga begi kwenye benchi la stesheni ya Tabora, na nyuma yangu maziwa yakagonga sakafu. Hayakudondoka, yalirushwa, kana kwamba mtu amemwaga kikombe kwa hasira. Niligeuka nikijua nitakachokiona: kichanga cha wiki chache, shingo nyembamba, mdomo unatafuta titi tena hata kabla haujafutwa.

"Mpeleke hospitali leo," nilimwambia mama yake. "Usisubiri."

Mwanamke mzee aliyekuwa naye akanipima kwa macho. "Kwani una mtoto wewe, dada?"

Sina. Treni ikaingia, wakapanda.

Rafiki yangu, tangu siku hiyo kimawazo niko tena kwenye ua wa bibi, mzaa baba. Asubuhi ua ule ulinuka michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa juani, ikichemka taratibu kwenye sufuria nyeusi. Mchana kulikuwa na mlio wa kinu, bibi akitwanga karanga na kumsema jirani kwa sauti ambayo jirani aliisikia vizuri. Baba alikuwa Usoke kwenye tumbaku, tukimwona mara moja kwa mwezi, nguo zake zikinuka moshi wa mabani ya kukaushia majani.

Mdogo wangu alipofikisha wiki tatu alianza kutapika. Bibi alimtania: "Wewe mjukuu wa wapagazi! Babu zako wamebeba pembe za ndovu kutoka hapa mpaka Bagamoyo, wewe maziwa tu yanakushinda?" Tulicheka. Hata mama alicheka.

Kazi yangu ilikuwa kufua kanga zilizotapikiwa. Zilikuwa na uchachu ulionibakia vidoleni hata nikila. Kila nilipoanika moja, nyingine ilikuwa imelowa. Mtoto alinyonya kwa pupa, akatulia, kisha nikaona kitu kikitembea chini ya ngozi ya tumbo lake, kama kiwimbi, na yote yakaruka nje. Halafu akalia njaa.

Jirani ndiye aliyelitamka lile neno, akiwa amesimama mlangoni na sahani ya kuazima chumvi. "Shoga, huyo kabemendwa."

Maana yake unaijua: kwamba wazazi wamelala pamoja kabla mtoto hajaacha ziwa, maziwa yakaharibika, mtoto akadhoofu. Bibi alikuwa na msemo wake: mtoto hana siri, tumbo lake linawataja wazazi.

Akaniita jikoni. Aliniita mke mwenzake, kwa utani wa bibi na mjukuu. "Mke mwenzangu, baba yako alipokuja Jumamosi alilala wapi?"

"Kwa mama," nilisema.

Akanichagulia michembe minono, akaipaka karanga.

Mdogo wangu alikuwa ameanza kutapika Jumatano, siku tatu kabla. Baba aliletwa na habari hiyo, akafika Jumamosi, akakesha amempakata mtoto ili mama apate usingizi. Mimi niliyefua zile kanga nilijua kipi kilitangulia. Ila hakuna aliyeniuliza hilo, na mdomo wangu ulikuwa umejaa.

Tangu hapo mama alikatazwa kunyonyesha. Bibi alimpa mtoto uji mwepesi na maji ya mizizi, navyo viliruka. Mama aliposema hospitali, bibi alimjibu, "Uende ukawaambie nini manesi? Utuanike mji mzima?" Mama akaona haya. Alimnyonyesha kwa kificho chooni, na matapishi yakamsaliti. Mtoto akapata uso wa mzee. Akawa analia bila machozi, kisha bila sauti.

Siku mama alipombeba kwa nguvu na kupanda baiskeli ya kukodi, mimi nikikimbia nyuma, daktari alimgusa mtoto utosini, pakiwa pamebonyea, akauliza, "Mama, wiki zote hizi ulikuwa wapi?" Tulirudi na mtoto kabla ya jua kutua, amefunikwa uso.

Ukubwani nilimsimulia daktari mmoja. Akaniambia kuna watoto ambao msuli wa njia ya kutokea tumboni hunenepa mpaka maziwa hayapiti; huongezewa maji kwanza, kisha hufanyiwa upasuaji usio mkubwa, nao hupona. Alisema hivyo huku akikoroga chai. Sikumwambia kwamba heri asingejua.

Bibi hayupo sasa, kinu hakipo, ua umejengwa maduka. Lile neno lipo. Nililisikia wiki hii kwa yule mwanamke mzee wa stesheni, likiwa zima na lenye afya.

Siku zile, baada ya matanga, baba alirudi Usoke bila kuzungumza na mama. Asubuhi ya pili mama alitoka chumbani na furushi moja, akirudishwa kwao. Sikuwemo katika safari hiyo. Mtoto ni wa ukoo wa baba. Alinishika shavu, halafu akapiga goti mbele ya mama mkwe wake.

"Shikamoo, mama."

Bibi hakuitikia. Nilitaka kusema Jumatano. Lilikuwa neno moja tu, na sikulisema. Mama alingoja marahaba yake kwa muda, akainuka, akavuka kizingiti. Bibi akafunga mlango, akasukuma komeo.